Divisheni si daraja: yanayochanganya kwenye ligi za Marekani

Dhana: Timu ikishika mkia kwenye divisheni yake, inashuka daraja.

Haishuki. Neno "divisheni" ndilo linalowapoteza wengi, maana kwenye soka tumezoea daraja la kwanza, la pili, la tatu. NBA (kikapu), NFL (futiboli ya Kimarekani), MLB (besiboli) na NHL (magongo ya barafuni) hazina kupanda wala kushuka: divisheni ni kundi ndani ya ligi ileile, na divisheni kadhaa zikijumlishwa ndiyo konferensi (MLB huiita "ligi"). NBA ina timu 30, konferensi 2 na divisheni 6 zenye timu tano tano. Tena kwenye NFL, timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo hupewa nafasi ya kwanza kuchagua chipukizi.

Dhana: Makundi hufuata ramani.

Kwa NBA na NHL, kwa sehemu kubwa ndivyo, ili kupunguza safari. NFL ni habari nyingine. Konferensi zake, AFC na NFC, zilizaliwa mwaka 1970 ligi mbili hasimu, NFL na AFL, zilipoungana. Timu za AFL zilizoingia AFC zilikuwa chache, hivyo Colts, Browns na Steelers, timu tatu za NFL, wakahamishiwa huko kusawazisha hesabu. Giants na Jets, wote wa New York, wanatumia uwanja mmoja, lakini wako konferensi tofauti. Dallas Cowboys, wa Texas kabisa, huko kusini, wamo NFC Mashariki pamoja na Giants, Philadelphia na Washington. Uhasama wa timu hizo ni wa miaka mingi, na kuuvunja kwa sababu ya ramani kungekuwa hasara.

Dhana: Kila timu hukutana na zote, nyumbani na ugenini.

Hapa ndipo divisheni inapofanya kazi yake hasa. Timu ya NFL hucheza mechi 17 tu kwenye ligi ya timu 32, kwa hiyo wapinzani lazima wachujwe:

- 6 dhidi ya wenzake watatu wa divisheni, nyumbani na ugenini;
- 4 dhidi ya divisheni nzima nyingine ya konferensi yake, kwa zamu;
- 4 dhidi ya divisheni nzima ya konferensi ya pili, pia kwa zamu;
- 3 dhidi ya timu zilizomaliza nafasi kama yake msimu uliopita: mbili za konferensi yake, moja ya konferensi ya pili.

Aliyeongoza divisheni hupangiwa viongozi wenzake, wa mwisho hupangiwa wa mwisho. Ndiyo maana kulinganisha rekodi za timu mbili bila kutazama zilicheza na nani kunapotosha. NBA ina mechi 82, kwa hiyo huko kila timu hukutana na zote, ila si sawa: mara 4 na wa divisheni yake, mara 3 au 4 na wengine wa konferensi, mara 2 na wa upande wa pili.

Dhana: Kwenye mtoano, mwenye rekodi bora ndiye mwenyeji.

Si NFL. Kila konferensi huingiza timu saba, na vinara wanne wa divisheni hushika nafasi nne za juu hata wakiwa na rekodi mbovu. Msimu wa 2010 Seattle Seahawks waliongoza divisheni kwa ushindi 7 na vipigo 9, wakawa wenyeji wa New Orleans Saints waliokuwa na 11 kwa 5, na wakashinda 41-36.

NBA iliacha kuwahakikishia vinara wa divisheni nafasi za juu kuanzia msimu wa 2015-16. Sasa timu mbili zikilingana, kwanza huangaliwa matokeo zilipokutana zenyewe. Taji la divisheni hufuata baada ya hapo.