Chipsi mayai zenye mboga kwenye kikaango kimoja: dhana potofu na ukweli wake

Sahani ya chipsi mayai ya kibandani ina viazi, mayai na mafuta kwa wingi, halafu mboga kiduchu: vipande vichache vya nyanya na kitunguu pembeni, basi. Nyumbani unaweza kupika zege, jina jingine la chipsi mayai, lenye mboga za kutosha ndani ya kikaango kimoja kwa dakika 35 hivi, kuanzia kumenya hadi kupakua. Huhitaji oveni wala mashine ya kukaangia kwa hewa. Unachotakiwa kukimudu ni maji: yaingie lini na yatoke lini. Wengi wanaojaribu na kupata uji wa viazi au mayai yanayolowana wamekwama hapo.

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu wawili, kwa kikaango chenye upana wa sentimita 26 hadi 28 na mfuniko wake:

- Viazi mviringo gramu 300 (vitatu vya wastani)
- Mayai 4. Yakiwa ya kienyeji, ambayo ni madogo, weka 5
- Kitunguu 1 kidogo, karoti 1, pilipili hoho 1
- Kabichi iliyokatwa nyembamba, konzi mbili (gramu 80)
- Majani ya mchicha, konzi mbili kubwa (gramu 60)
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
- Chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga kidogo
- Kwa kachumbari: nyanya 2, tango nusu, kitunguu kidogo, ndimu, pilipili

Dhana: “Bila mafuta ya kuzamisha, chipsi haziivi wala hazipati rangi.”

Ukweli ni kwamba kiazi hupitia kazi mbili tofauti, na mafuta mengi huzifanya zote kwa pamoja. Ya kwanza ni kuiva ndani, na hiyo inahitaji joto la kawaida la mvuke tu. Ya pili ni kukauka na kupata rangi juu, ambayo huanza pale uso wa kiazi unapokaribia nyuzi 140. Maji yakiwapo kwenye kikaango, joto haliwezi kupita nyuzi 100 kwa kiasi cha maana, kwa hiyo rangi haiji. Ukizitenganisha kazi hizo mbili, vijiko viwili vya mafuta vinatosha kabisa.

Kata viazi vipande vya unene wa sentimita moja. Vioshe mara mbili au tatu hadi maji yatoke safi, yasiwe na ukungu, maana wanga uliobaki juu ndio unaogandisha vipande na kuvishikiza chini ya kikaango. Kuvikausha kwa kitambaa si lazima hapa. Hiyo ni kanuni ya mafuta mengi ya moto, ambako tone la maji huruka na kuunguza. Panga viazi kwenye kikaango kilicho baridi, tabaka moja. Mimina kijiko kimoja na nusu cha mafuta na robo kikombe cha maji, funika, kisha washa moto wa wastani. Baada ya dakika 6 hadi 8 ncha ya kisu iingie bila kusukumwa.

Sasa funua na usikilize. Mwanzoni utasikia maji yakichemka kwa sauti nzito. Yakiisha, sauti hubadilika na kuwa ya kukwaruza, kali na kavu. Hapo ndipo kukaanga kunapoanza. Acha viazi dakika 3 bila kuvigusa. Anayekoroga kila wakati huvivunja kabla havijajenga ganda, na kiazi ambacho hakijakauka chini hung’ang’ania kikaango kikachubuka. Kikishakauka hujiachia chenyewe. Geuza mara moja au mbili, dakika 5 nyingine, na chipsi zimekamilika.

Usizidishe gramu 300. Viazi vikipandana, vya juu hubaki kwenye mvuke wa vya chini na havikauki hata ukingoja saa nzima. Familia ikiwa kubwa, pika mara mbili.

Dhana: “Ukijaza mboga, mayai hayashiki.”

Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imedumu. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na nyanya zaidi ya 94. Mboga mbichi ikiingia pamoja na mayai, hutoa maji yake wakati mayai yanaganda, na matokeo yake ni kitu kilichokatikakatika chenye maji ya rangi ya njano chini. Hapo mboga hazina kosa. Kilichokosewa ni mpangilio: maji yalipaswa kutoka kabla mayai hayajaingia.

Kwa hiyo mchicha ndio unaotangulia kila kitu, hata viazi. Osha, kung’uta, weka kwenye kikaango kikavu chenye moto, geuza dakika 2 hadi ulegee. Utoe, ukamue kwa mkono uliofumba hadi maji yakome kudondoka, kisha uukatekate. Konzi mbili kubwa zitabaki donge dogo la kiganjani, na maji yanayotoka yangetosha kuharibu mayai yote manne. Futa kikaango, kiache kipoe, kisha endelea na viazi kama ilivyoelezwa.

Viazi vikiwa na rangi, visogeze pembeni, ongeza nusu kijiko cha mafuta kilichobaki katikati, weka kitunguu na karoti iliyokatwa njiti nyembamba. Dakika 2. Kisha hoho na kabichi, dakika 3, moto wa juu kidogo, bila kufunika. Mfuniko hapa ni adui, kwa sababu unarudisha chini mvuke unaojaribu kuufukuza. Chumvi ya mboga usiiweke bado. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye majani na kabichi. Iweke yote kwenye mayai. Mwisho rudisha mchicha, uusambaze ili usibaki donge.

Nyanya haingii kabisa. Hata ukiitoa mbegu bado italoweka chipsi ulizohangaika kuzikausha, na mahali pake pazuri pako tayari, kwenye kachumbari.

Dhana: “Viazi navyo si mboga?”

Kwa hesabu ya lishe, la. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, na viazi, viazi vitamu na mihogo havihesabiwi humo. Hivyo vimo kundi la vyakula vya wanga. Vipimo vya hapo juu, pamoja na kachumbari, humpa kila mlaji zaidi ya gramu 300 za mboga kwenye mlo mmoja.

Dhana: “Mafuta haya hayana lehemu, mimina tu.”

Maandishi ya “haina kolesteroli” (ndiyo hiyo lehemu) kwenye chupa ya alizeti au mawese ni ya kweli, lakini hayakuambii kitu. Hakuna mafuta ya mimea yenye lehemu ya kuhesabika. Hiyo hutoka kwa wanyama. Linalotofautisha mafuta ya mimea ni kiasi cha mafuta yaliyoshiba, ambayo ndiyo huchangia zaidi kupandisha lehemu katika damu. Mawese yanayo mengi, karibu nusu ya mafuta yake. Alizeti ina kama sehemu moja ya kumi.

Nishati ni ileile kwa yote: kilokalori 9 kwa kila gramu, yaani takriban 120 kwa kijiko kimoja cha chakula. Chipsi zilizozamishwa huwa na mafuta kama gramu 15 katika kila gramu 100, na muuzaji akishazitoa anaongeza mafuta mengine kikaangoni kabla ya kumimina mayai. Sahani yenye gramu 150 za chipsi imeshabeba gramu 22 kabla ya hayo ya pili. Kwa njia hii ya kikaango kimoja kila mlaji anapata kijiko kimoja, gramu 13 au 14, na sahani nzima ikiwa na mayai mawili, viazi na mboga hufika kilokalori 450 hivi. Basi pima kwa kijiko. Kumimina kutoka kwenye chupa kwa kukadiria ndiko kunakoharibu hesabu yote hii.

Dhana: “Kiini ndicho kibaya, tumia ute tu.”

Kiini ndicho chenye vitamini A na D, kolini na sehemu kubwa ya madini ya chuma ya yai. Ni kweli kina lehemu, takriban miligramu 185, lakini kwa watu wengi lehemu ya kwenye chakula hubadilisha ile ya damu kidogo kuliko mafuta yaliyoshiba yanavyofanya. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku kilichokuwapo kabla. Aliyeambiwa na daktari wake apunguze mayai afuate hilo.

Dhana: “Moto mkali ndio unaowahisha mayai.”

Unawahisha upande wa chini tu. Mayai yaliyopigwa huganda yanapofika nyuzi 70 na kitu. Yakipita hapo sana, protini hujikaza na kukamua maji yaliyomo. Ndiyo sababu zege la moto mkali huwa gumu kama mpira chini, bichi juu, na lenye maji katikati. Yai bichi pia ni hatari ya salmonela, bakteria wanaoharisha, hivyo katikati pawe pameganda kabisa.

Piga mayai na chumvi yote na pilipili manga wakati viazi vinafunikwa, yakae hapo dakika kumi au zaidi. Chumvi ikipata muda huo, mayai huwa laini zaidi. Usiongeze maziwa. Ni maji zaidi, na mayai yenye mboga nyingi yanahitaji nguvu ya kushikamana. Punguza moto hadi chini kabisa, mimina mayai ukizunguka kutoka pembeni kwenda katikati, tikisa kikaango yazame katikati ya viazi. Sasa mfuniko unaruhusiwa, dakika 5 hadi 6.

Wa jiko la mkaa wana njia bora kuliko wa gesi: acha makaa machache chini, palia mengine juu ya mfuniko bapa wa bati, kama inavyofanywa kwa wali. Joto la juu linagandisha uso bila kugeuza. Kwa gesi, uso ukiwa bado unang’aa, funika kikaango kwa sahani pana, pindua kwa mkupuo mmoja, kisha telezesha kurudisha upande wa juu chini kwa dakika moja. Anayesitasita katikati ya kupindua ndiye anayemwaga.

Dhana: “Chipsi nzuri ni zile za kahawia.”

Rangi ya dhahabu inatosha. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto kali na ukavu hujenga akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani, na kiasi chake hupanda kadiri rangi inavyokoza. Kuosha viazi husaidia, maana huondoa sehemu ya sukari ya juu. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: viazi vibichi visiwekwe kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, navyo huwa vyeusi kabla ya kukauka. Viweke mahali pakavu, penye giza na hewa. Kilichogeuka kijani kina solanini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Kata sehemu hiyo kwa kina, na kikiwa kijani kote kitupe.

Dhana: “Mboga ikishapikwa, virutubisho vimekwisha.”

Vitamini C ndiyo inayopungua kwa joto na maji. Karotini ya karoti na mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufanya kinyume: mwili huipata vizuri zaidi mboga ikipikwa na ikiwa na mafuta kidogo. Mlo huu unapata vyote viwili, mboga za kikaangoni kwa karotini na kachumbari mbichi yenye ndimu kwa vitamini C.

Vitunguu vya kachumbari ukivifikicha kwa chumvi kuondoa ukali, visuuze kwa maji safi ya kunywa na ukamue, la sivyo chumvi yote inakuja mezani; kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Tomato sosi nayo ina sukari kama gramu 4 kwa kijiko cha chakula. Nyanya iliyokunwa ikachanganywa na pilipili na ndimu inafanya kazi hiyohiyo, tena kwa ladha kali zaidi.

Dhana: “Bila fraipeni isiyoshika haiwezekani.”

Kikaango cha chuma kizito kilichozoeshwa mafuta kinafaa kuliko hizo. Kinachosumbua ni sufuria nyembamba ya alumini: joto lake halitulii, huunguza katikati na kuacha pembeni kubichi. Kama ndiyo uliyonayo, punguza moto mapema na uongeze dakika chache kila hatua. Isiyoshika usiiweke tupu motoni hadi itoe moshi.

Kikibaki kipande, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kiliwe kesho yake. Kipashe kikaangoni kwa moto mdogo bila mafuta, dakika 3 kikiwa kimefunikwa hadi kipate moto katikati, dakika 2 wazi ili chini pakauke tena. Kachumbari itengenezwe upya.