Ufaransa kwa Baiskeli na Hema: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Wengi wanaofikiria kuizunguka Ufaransa kwa baiskeli hurudishwa nyuma na hofu ya milima, kwa sababu wanachokijua ni picha za mashindano ya Tour de France, waendeshaji wakihema kwenye kona za Tourmalet, barabara ya milima ya Pyrenees, mita 2,115 juu ya usawa wa bahari. Msafiri wa kawaida halazimiki kufika huko. Njia ya Loire à Vélo hufuata mto Loire kwa takriban kilomita 900, kutoka Cuffy, katikati mwa nchi, hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye Atlantiki, na karibu yote ni tambarare.

Hapo huzuka dhana nyingine, kwamba anayefuata mto kwenda baharini amepata mteremko wa bure. Mteremko upo, lakini haufiki mita 200 kwa safari nzima, na miguu haiuhisi. Kinachohisiwa ni upepo, ambao katika bonde hilo huvuma zaidi kutoka magharibi, kwa hiyo anayeteremka na maji hupambana na upepo wa mbisho siku kutwa huku mizigo ya pembeni ikiukinga kama tanga, ilhali anayetoka baharini husukumwa mgongoni. Bonde la Rhône ni kinyume chake: upepo wake mkali, mistral, hutoka kaskazini, na ndiyo maana njia ya ViaRhôna huendeka vizuri zaidi kutoka Ziwa Geneva kuelekea Mediterania. Mimi ningeuliza habari za upepo kabla ya kuuliza idadi ya gia.

Kuhusu hema, zipo dhana mbili zinazopingana, na zote zina kasoro. Wapo wanaosema unaweza kulala popote, na wapo wanaosema ni marufuku kabisa nje ya kambi rasmi. Sheria inakataza kupiga hema ufukweni, katika maeneo ya mandhari yaliyohifadhiwa na karibu na vyanzo vya maji ya kunywa. Lakini katika shamba la mtu, ruhusa ya mwenyewe hutosha pale ambapo hakuna katazo la eneo. Hifadhi za taifa kama Mercantour, katika milima ya Alps, huruhusu hema la usiku mmoja, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 3 asubuhi, ila mahali penyewe pawe mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabarani, sharti lisilomsaidia mwenye baiskeli. Kimbilio lake ni kambi za manispaa, ambazo kwa kawaida ni za bei nafuu, japokuwa nyingi hufungwa vuli ikiingia.

Treni nazo hazipokei baiskeli kwa namna moja. Treni nyingi za mikoa huibeba bure, lakini baadhi ya mikoa hudai nafasi iwekwe mapema wakati wa kiangazi; katika treni za mwendokasi, isipokuwa zile zenye nafasi maalumu, ni lazima ifunguliwe na kutiwa katika mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90.

Mwisho ni imani kwamba katika nchi yenye mikate mizuri namna ile hakuna haja ya kubeba akiba. Vijijini maduka mengi hufungwa mchana, Jumapili alasiri, na mara nyingi Jumatatu pia, kwa hiyo chakula cha siku hizo hununuliwa Jumamosi. Maji hayana shida hiyo: makaburi ya vijijini kwa kawaida huwa na bomba, na wasafiri wazoefu hujaza chupa zao hapo, isipokuwa pakiwa na kibao cha «eau non potable», yaani maji yasiyofaa kunywa.