Kilichovimba ni simenti, chokaa haina kosa

Picha mnayonitumia ni ileile kila masika yakimalizika. Ukuta wa chini wa nyumba ya mawe, mara hii nyuma ya Vuga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, plasta imevimba kama andazi, rangi inabanduka, chini yake unga mweupe. Na maneno ya fundi ni yaleyale: "Chokaa ya wazee imeshachoka. Tuibandue, tupige simenti moja kwa tatu, tumalize kazi."

Hebu ikuzeni hiyo picha. Kilichovimba ni simenti. Chokaa iliondolewa zamani na fundi mwengine aliyesema maneno hayohayo.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni nyuso mbili za mawe ya matumbawe, katikati mawe madogo, vyote vimelazwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Unene wake ni nusu mita na kuzidi. Chini hakuna nailoni wala zege la kuzuia unyevu. Ukuta huu unakunywa maji kutoka ardhini, kutoka kwenye paa linalovuja, kutoka chooni juu, kisha unayatoa kwa kukauka kupitia usoni. Kichochoro kikiwa na mteremko, ukuta wa upande wa juu ndio unaokunywa zaidi, na kila barabara inapomwagwa tabaka jipya bila kuchimbuliwa la zamani, maji yanausogelea mlango. Waliojenga hawakujaribu kuyazuia maji yasiingie. Waliyaachia njia ya kutokea.

Ukipiga simenti umeziba njia hiyo, na maji hayakati tamaa. Yanapanda kutafuta pengine pa kutokea: alama ya unyevu iliyokuwa magotini inafika kifuani. Yanapanda na chumvi, maana mji umezungukwa na bahari na mchanga mwingi uliotumika ulikuwa na chumvi yake. Chumvi inaganda nyuma ya simenti, inatanuka, inasukuma. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole: ikilia tupu, imeshaachana na ukuta. Siku itakapodondoka itachukua na uso wa jiwe.

Hilo ndilo dogo. Kubwa lipo ndani usipopaona. Udongo uliolaza mawe ukikaa umelowa miaka na miaka unalainika, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza. Mchwa hawahitaji mwaliko wa pili. Boriti za mikoko ndizo zinazoufunga ukuta wa huku na ukuta wa kule. Vichwa vikishaoza, ukuta unaanza kutoka nje taratibu, na mwenye nyumba anaona ufa tu. Anaitwa fundi. Fundi anauziba ufa kwa simenti.

"Lakini simenti ina nguvu." Ina nguvu, nani amekataa? Bandika kigae juu ya biskuti uone kipi kitavunjika. Plasta inatakiwa iwe laini kuliko jiwe inalolifunika, ili kikija cha kuharibika iharibike yenyewe, jiwe libaki. Majumba ya Michenzani yamejengwa kwa simenti na yana hesabu zake, sisemi juu ya hayo.

Na tafadhali, msiniletee Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani. Tangu sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, imekuwa ndiyo hoja ya kila mtu: "Unaona chokaa yako?" Jumba lile lilijengwa 1883, likapita kwenye mizinga ya Waingereza ya 1896 iliyoiharibu vibaya Beit al-Hukm jirani yake, na kumbi zake na nguzo zake za chuma hazifanani na nyumba yako ya vyumba sita Kajificheni. Jengo lililosimama zaidi ya miaka 130 si ushahidi wa udhaifu wa chokaa.

Ubaya mwengine wa simenti ni uzito. Boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Juu yake kuna mawe, juu ya mawe sakafu ya chokaa iliyopigwa kwa siku nyingi mpaka ikashikana. Sasa anakuja mtu anataka kuweka taili. Anamwaga zege la sentimita tano. Zege hilo lina kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa sita umekiongezea zaidi ya tani mbili, kabla ya taili zenyewe, kabla ya kitanda. Halafu kwa kuwa kampasi ya chuo iko karibu na wanafunzi wanatafuta vyumba, chumba kinagawanywa kwa matofali ya inchi sita. Ukuta wa mita tatu kwa tatu, tofali lisilo na tundu, ni zaidi ya tani mbili na nusu nyengine, zote zimekaa juu ya boriti mbili tatu. Tangi la lita 1000 juu ya paa ni tani moja likijaa. Ukitaka kugawa chumba, gawa kwa mbao au plaiwudi, na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe ukichukue kabla, si baada.

Nije kwenye kinachonikera zaidi ya simenti tupu: "tutie kidogo tu." Fundi anakubali chokaa, anakorogea vizuri, mwenye nyumba kageuka, mwiko mmoja wa simenti unaingia kwenye karai "ili ishike." Na kweli inashika. Kesho asubuhi ukuta mgumu, kila mtu anafurahi, ndiyo maana tabia haifi. Lakini simenti hiyo ni chache mno kuweza kujenga nguvu ya maana, na inatosha kuziba matundu ambayo chokaa inapumulia. Chokaa inaiva kwa kunywa hewa, polepole, kwa wiki na miezi, ikirudi kuwa jiwe lilelile ililotokana nalo. Ukiiziba, ya juu inakuwa ngumu na ya ndani inabaki kama jibini. Umepata ubaya wa pande zote mbili, na ikifeli utasema chokaa imefeli. Mkitaka ishike mapema, tumieni unga wa tofali la udongo lililochomwa, uliopondwa na kuchekechwa: nusu ndoo kwa ndoo moja ya chokaa na ndoo tatu za mchanga. Hapa nakiri, matofali hayafanani. Lililochomwa sana halisaidii kitu, na kwa macho huwezi kulijua. Piga kiraka cha mita moja mahali pa siri, ngoja wiki tatu, kikwangue kwa msumari, ndipo uamue.

Chokaa yenyewe, ile mbichi iliyotoka tanurini: unaitia kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa, la sivyo inarukia machoni. Vaa miwani, na watoto wasikaribie pipa. Ikishazimika, yaani ikiacha kuchemka, chekecha, iweke pipani na maji yasimame juu yake, mwezi mmoja kwa uchache, mitatu ni bora. Chembe ambazo hazijazimika zikiingia kwenye plasta zitapasuka baadaye na kukuachia vishimo kama ndui. Chokaa ya mfuko ya kupakia kuta ni kitu chengine kabisa, muuzaji asikudanganye.

Mchanga uwe na chembe kubwa na ndogo, usiwe wa pwani. Uonje kwa ulimi kama una chumvi, hakuna aibu. Ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga kwa tabaka la kwanza, moja kwa mbili kwa la mwisho. Ukiona mchanganyiko ni mgumu usikimbilie maji. Uponde tena kwa sepeto, utalainika wenyewe. Maji yakizidi plasta itapasuka ikikauka.

Ukuta uloweshwe tangu usiku, mashimo yatomewe kwa vipande vya mawe na chokaa kwanza. Kujaza shimo la inchi tatu kwa plasta tupu ni uvivu, na litapasuka. Tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, subiri siku kumi, likwaruze, kisha piga jengine. Magunia yaliyoloweshwa yatundikwe mbele ya ukuta wa nje, hasa kipindi cha kusi upepo ukivuma. Jua na upepo vinaikausha chokaa kabla haijaiva, na hapo inabaki vumbi. Juu yake paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya mafuta au ya plastiki ni simenti kwa jina jengine.

Kubandua simenti ya zamani ni kwa tindo na nyundo ndogo, kuanzia panapolia tupu. Mashine inatikisa ukuta wote. Vitabu vinasema ibanduliwe yote. Mimi sina raha na jibu hilo: simenti iliyoshika barabara juu, mbali na unyevu, ukiing'oa unaondoka na nusu ya uso wa jiwe, na mara nyingi naona bora ibaki. Mita moja na nusu ya chini haina mjadala. Ibandue, acha ukuta wazi upumue kaskazi nzima, na chumvi inayochanua ipigwe brashi kavu, isioshwe. Hata hivyo, plasta mpya ya chokaa pale chini inaweza kuoza baada ya miaka michache kwa sababu inavuta chumvi iliyobaki. Utapiga tena. Hilo mwenye nyumba aambiwe kabla hajalipa, maana wengi wetu mafundi hatulisemi.

Lakini kabla ya ndoo hata moja, tafuta maji yanatoka wapi. Panda ukaangalie mfereji wa paa. Fuata bomba la choo. Na uangalie ile paipu ya kondishena inayodondosha ukutani mchana kutwa, tone baada ya tone, kwa sababu mtu aliona uvivu kuongeza mita mbili za paipu.