Kukagua mtiririko wa taarifa kwenye programu, maana yake nini hasa?

Ukisema usalama wa programu wengi wanawaza nywila na kufuli, yaani nani aingie nani azuiwe. Sawa, ila programu ikishapewa ruhusa ya kusoma siri yako, inaipeleka wapi? Hapo kufuli limeshamaliza kazi yake. Programu inaweza kuisoma namba ya siri kihalali kabisa alafu ikaiandika kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za programu, ambayo kila mtu anaifungua.

Sasa kukagua mtiririko wa taarifa ni kuifuatilia data yenyewe inakopita ndani ya kodi, yaani maandishi ya programu. Kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani ndani ya programu, unakipa lebo, tuseme "siri" au "wazi", na sheria ni moja tu: cha wazi kinaweza kumiminwa kwenye siri, cha siri hakimiminwi kwenye wazi. Ukiandika wazi = siri, yaani nakili siri ndani ya wazi, mkaguzi (programu inayokagua kodi yako) anagoma papo hapo.

Hiyo kila mtu anaiona. Kasheshe ni hii:

kama siri == 0 basi wazi = 0, la sivyo wazi = 1

Tafuta mahali siri imenakiliwa, hupati, lakini ukisoma wazi tu ushajua kama siri ni sifuri au sio. Taarifa imepenya kupitia njia ambayo programu imechagua kufuata. Dawa yake ni kwamba ukiwa ndani ya "kama" inayotegemea siri, huandiki kwenye kigeu cha wazi hata kimoja. Watafiti wa kompyuta Dorothy na Peter Denning walishaonyesha tangu 1977 jinsi ya kukagua haya kabla programu haijaendeshwa, alafu 1982 watafiti wengine, Goguen na Meseguer, wakatoa kipimo ambacho mimi nakipenda sana: badilisha siri utakavyo, anayetazama matokeo ya wazi asione tofauti yoyote.

Na ndo maana kuijaribu programu mara moja hakusaidii, maana uvujaji hauonekani kwenye mwendo mmoja, inabidi ulinganishe miendo miwili yenye siri tofauti, na siri zinazowezekana ni nyingi mno huwezi kuzimaliza kwa mkono. 1996 watafiti Volpano, Smith na Irvine wakathibitisha kihesabu kuwa kodi ikipita ukaguzi wa lebo, basi kipimo kile kimetimia.

Ila mkaguzi huyu ana wivu kupitiliza. Pande zote mbili za "kama" ziandike wazi = 5, hakuna siri inayovuja hapo, bado atakataa. Na upande mwingine kuna vitu havioni, mfano muda: programu ikichelewa kidogo siri ikiwa kubwa, mwenye saa anaisoma siri hiyo bila kugusa kigeu chochote.

Alafu fikiria ukurasa wa kuingiza nywila. Ukikosea unaambiwa umekosea, na jibu hilo limetokana na siri, kwa hiyo kwa sheria kali ni uvujaji, hata kama kidogo. Huwezi kulifuta, si ndo kazi yake? Inabidi mwandishi wa kodi aweke alama mwenyewe kwamba hapa naachia, tena kiasi hiki tu.