Je, Wajua? Waziri wa Tanzania Lazima Awe Mbunge, wa Kenya Ni Marufuku

Desemba 2015 Rais John Magufuli alimtaka Dkt. Philip Mpango awe Waziri wa Fedha na Mipango. Kikwazo kilikuwa kimoja: Mpango hakuwa mbunge. Rais akampa kwanza ubunge wa kuteuliwa, kisha uwaziri.

Mwaka 2022, ng'ambo ya mpaka wa Namanga, Rais William Ruto wa Kenya alimtaka Aden Duale awe Waziri wa Ulinzi. Yeye kikwazo chake kilikuwa kinyume kabisa: alikuwa mbunge wa Garissa Township, tena aliyechaguliwa Agosti ya mwaka huohuo. Ikambidi akiachie kiti. Seneta wa Elgeyo Marakwet, Kipchumba Murkomen, naye akaaga Seneti ili apewe wizara. Januari 2023 wapiga kura wa sehemu zote mbili wakapanga foleni upya.

Nchi hizi ni majirani. Zote zilitawaliwa na Mwingereza, zote zinamchagua rais kwa kura ya wananchi, na katiba za zote mbili zinagawa mamlaka ya dola kwa mihimili ileile mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama. Imekuwaje basi kinachotakiwa Dodoma kiwe haramu Nairobi?

Sheria zenyewe hazina utata. Ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema mawaziri na manaibu waziri wote watateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Rais akimtamani mtu aliye nje, ibara ya 66 inamruhusu kuteua wabunge wasiozidi 10, na huo ndio mlango aliopitia Mpango. Ya Kenya, katika kifungu cha 152, inasema waziri hatakuwa mbunge. Basi.

Chimbuko la mambo haya liko London, na ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Wafalme wa Uingereza walikuwa na mbinu ya kulituliza Bunge bila kupigana nalo: kuwagawia wabunge vyeo na posho. Mtu anayekula kwa mfalme hapigi kelele. Mwaka 1701 Bunge likachoka, likapitisha sheria kwamba mwenye cheo cha kulipwa na mfalme haruhusiwi kukaa katika Baraza la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa. Sheria hiyo ilipangwa ianze nasaba mpya ya kifalme itakapoingia. Lakini kabla siku hiyo haijafika, wabunge wenyewe walikifuta kipengele hicho na kuweka cha kati: mbunge akipewa uwaziri anapoteza kiti, ila anaruhusiwa kurudi jimboni kuomba kura upya. Haikuwa kanuni ya mapambo. Mwaka 1908 Winston Churchill aliingizwa katika baraza la mawaziri, akarudi kwa wapiga kura wake wa Manchester, wakamwangusha. Ikabidi akatafute jimbo jingine, Dundee. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1926, na tangu hapo waziri wa Uingereza hukaa bungeni bila kuulizwa na jimbo lake kama ruhusa ipo.

Wamarekani nao, walipoandika katiba yao mwaka 1787, waliikumbuka hofu ileile ya vyeo vya mfalme. Wakafunga mlango moja kwa moja: mwenye cheo serikalini hakai katika Kongresi.

Kwa hiyo shina ni moja, matawi mawili. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na tawi la London. Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, anakaa bungeni na mawaziri wake, anaulizwa, anajibu. Mwaka mmoja baadaye nchi ikawa Jamhuri, Rais akatoka kwenye viti vya wabunge, lakini mawaziri wakabaki palepale. Nchi ikawa na rais mwenye nguvu kwa mtindo unaofanana na wa Marekani, na baraza la mawaziri la mtindo wa Kiingereza. Hata leo ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Mgeni anayetafuta ukuta kati ya mhimili na mhimili atauona una dirisha kubwa.

Dirisha hilo lina faida, na ni faida ya kweli. Ukifuatilia Bunge la Dodoma asubuhi utakuta kipindi cha maswali: mbunge anauliza habari za daraja la kata fulani, na waziri au naibu wake anasimama palepale kujibu. Alhamisi Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo. Wakati wa bajeti za wizara mbunge asiyeridhika hutishia "kushika shilingi", yaani kuzuia shilingi moja ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya maana. Shilingi moja si kitu, lakini waziri anayeshikiwa shilingi mbele ya kamera hutoka jasho. Na kuna siku jambo hili lilizidi jasho. Februari 2008 kamati teule ya Bunge, chini ya Harrison Mwakyembe, ilisoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa alikuwemo humohumo ukumbini, akajiuzulu, pamoja na mawaziri wawili, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja baraza zima.

Sasa geuza sarafu. Waziri huyohuyo anayeulizwa pia ana kura. Anafungwa na uwajibikaji wa pamoja, kwa hiyo hawezi kusimama kuipinga hoja ya Serikali. Bajeti Kuu inapopigiwa kura wabunge huitwa majina mmoja mmoja, na mawaziri na manaibu wao ni kura ambazo Serikali inakuwa nazo mfukoni kabla Katibu wa Bunge hajaanza kusoma orodha. Wakumbuke pia wanaokaa nyuma yao. Mbunge wa chama tawala anayejua kuwa uwaziri hutoka humu ndani, na kwamba anayeutoa ni mtu mmoja, ataishika shilingi kwa vidole vingapi? Sisemi kwamba wote wananyamaza kwa tamaa. Mwakyembe hakunyamaza, na baada ya uchaguzi wa 2010 aliteuliwa kuwa naibu waziri. Lakini tazama matokeo ya kimfumo: Bunge lilipata naibu waziri mmoja zaidi na likapoteza mchunguzi.

Kenya iliishi chini ya utaratibu huohuo tangu 1963, na kilichoifanya iukimbie kinaeleweka kwa hesabu. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, Mwai Kibaki na Raila Odinga walikubaliana kugawana serikali. Aprili 2008 likaundwa baraza lenye mawaziri 40, na zaidi ya hao manaibu waziri wapatao 50. Bunge zima lilikuwa na viti 222. Yaani katika kila wabunge watano, wawili walikuwa serikalini! Nani alibaki wa kuisimamia Serikali?

Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo. Mawaziri wakawekewa idadi, wasipungue 14 wala kuzidi 22. Wakatolewa bungeni. Na kabla ya kuapishwa, kila mmoja lazima ahojiwe na Bunge la Kitaifa na kuidhinishwa. Hili la mwisho nalipenda zaidi ya yote. Julai 2024, baada ya vijana kuingia barabarani kupinga mswada wa fedha, Ruto alifuta karibu baraza lake lote. Alipoleta majina mapya, wabunge walimkataa mmoja, Stella Soi Lang'at. Ni mmoja tu, lakini Dodoma hakuna hatua ambapo hilo lingeweza kutokea kwa waziri wa kawaida. Kati ya mawaziri wote, Bunge la Tanzania huthibitisha jina la Waziri Mkuu peke yake.

Je, Kenya imepona? Katika baraza hilohilo la 2024 aliingia Opiyo Wandayi, Waziri wa Nishati. Mpaka wakati huo alikuwa kiongozi wa wachache bungeni, yaani msemaji mkuu wa wanaoikosoa Serikali, na mbunge wa Ugunja. Chambo cha uwaziri bado kinafanya kazi; tofauti ni kwamba samaki lazima atoke majini kabla hajakimeza. Na gharama ya kutoka majini waliilipa watu wa Ugunja. Tume ya uchaguzi ilikuwa haina makamishna, kwa hiyo uchaguzi mdogo haukufanyika mpaka tarehe 27 Novemba 2025. Zaidi ya mwaka mzima jimbo halikuwa na mbunge.

Kuna la pili. Mbunge wa Kenya aliyezuiwa kuwa waziri bado alibaki na mfuko wa maendeleo wa jimbo, CDF, wa kujengea madarasa na kulipia karo, kazi ambazo kwa haki ni za Serikali. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 inakiuka katiba, mojawapo ya sababu ikiwa hiyohiyo: msimamizi hawezi kuwa pia mtendaji. Kufikia hapo sheria nyingine ya mfuko ilikuwa imekwisha kutungwa tangu 2015.

Uganda wao wamepita katikati. Rais anaweza kumchukua waziri bungeni au nje, na aliyetoka nje anaingia bungeni kwa wadhifa wake, anazungumza, anajibu maswali, ila hapigi kura. Nashangaa kwamba njia hii haizungumzwi sana huku kwetu, kwa sababu inaacha dirisha wazi na kuondoa kura mfukoni mwa Serikali, angalau kwa hao waliotoka nje.

Tanzania nayo iliwahi kukaribia kubadilika. Rasimu ya Katiba iliyotolewa mwaka 2013 na tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge. Rasimu ikapelekwa mwaka 2014 kwa Bunge Maalum la Katiba lililokuwa na wajumbe 201 walioteuliwa kutoka makundi mbalimbali ya jamii. Waliobaki, ambao ndio waliokuwa wengi, walikuwa wabunge wa Jamhuri ya Muungano na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, wenye wizara na wenye kuzitarajia. Kura ya maoni ya kupitisha katiba mpya, iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015, haikufanyika, na ibara ya 55 iko palepale.