"Kimetoka Marekani" si sawa na "kimepimwa"

Mzigo wa vyombo vya mtoto ukifika kutoka Marekani, hakosi mtu wa kusema: "Hivyo usihofu, kule serikali inapima kila kitu." Sivyo. Sheria ya kemikali ya nchi nzima, ya mwaka 1976, iliziacha kemikali takriban 62,000 zilizokuwa tayari sokoni ziendelee kutumika bila kupimwa kwanza. Marekebisho ya 2016 yaliongeza makali, ila kuzipitia zote ni mwendo wa kobe.

Ndipo majimbo yakaanza kujitungia sheria. Minnesota ilipiga marufuku BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, kwenye chupa za watoto mwaka 2009. Serikali kuu ikafuata 2012, watengenezaji wenyewe wakiwa wameshaiacha!

Au chukua kikaango kisichogandisha. Ule utando mweusi unaofanya yai liteleze kwa kawaida ni wa jamii ya PFAS, kemikali ambazo karibu haziozi kabisa. Tangu 1 Januari 2025, Minnesota hairuhusu kikaango cha namna hiyo kiuzwe kikiwa kipya. Sheria yenyewe huitwa Sheria ya Amara, kwa heshima ya Amara Strande, binti aliyekulia eneo ambalo maji yake yalichafuliwa na PFAS. Akiwa mgonjwa wa saratani ya ini alikwenda mbele ya wabunge wa jimbo kuitetea. Alifariki Aprili 2023, akiwa na miaka 20, kabla haijapita.

Vuka mpaka uingie Wisconsin, jimbo jirani: kikaango kilekile kipo kwenye rafu, na kukiuza ni halali.