Cheti cha asbesto si cha maisha

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, utasikia kwamba fundi aliyesomea kuondoa paa la asbesto mara moja amemaliza, na cheti chake kinafanya kazi popote. Dhana hiyo inaeleweka: vyeti vingi vya ufundi havina tarehe ya kuisha.

Kwa asbesto, madini yenye nyuzi laini zinazodhuru mapafu zikivutwa, mambo ni tofauti. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinadai kozi ya siku 4 kwa mfanyakazi, angalau saa 14 zikiwa za vitendo. Kila mmoja hupimwa kama barakoa inamkaa sawasawa (ndevu huacha mwanya, nyuzi zikapita). Mtihani una maswali 50, kufaulu ni asilimia 70. Cheti hudumu mwaka 1, kisha marudio ya siku nzima. Hizo ni sheria za huko. Hazimpi mtu ruhusa ya kuegesha ngazi Nyakato.

Ukioneshwa cheti, soma tarehe ya kuisha na kazi iliyotajwa, kisha kipigie simu chuo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Iulize pia mamlaka ya usalama kazini kama inaitambua kozi hiyo. Halafu muulize fundi atalishushaje paa. Akitaja nyundo, usikimbilie kumpa kazi: paa hulowanishwa, mabati yake yakafunguliwa na kushushwa yakiwa mazima, maana kuvunja ndiko hurusha nyuzi.